Vitabu Vilivyogawanywa Kama Ng'ombe

Meshaki Parsaoti alikuwa amechoka hata kabla hajatoka nyumbani. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, Kwaluguru, akavaa katambuga zake za tairi taratibu, kama mtu anayetafuta sababu ya kutozivaa. Mkewe, Naitoi, alikuwa anakung'uta viroba viwili vitupu ukutani.

"Baba Sinyati, unaenda kweli?"

"Naenda."

"Na goti?"

"Goti litanifuata nyuma nyuma."

Naitoi hakucheka. Alimkunjia viroba, akamwekea na chapati mbili kwenye mfuko wa nailoni. "Ungezaliwa mtu wa kusahau ahadi," alisema, "tungekuwa tumelala saa hizi."

Safari hiyo Meshaki alijitakia mwenyewe, na hilo ndilo lililomchosha zaidi ya goti.

Ujanani alisoma seminari. Alikuwa mtoto wa kwanza kutoka boma la baba yake kuvaa shati jeupe na kusimama mbele ya ubao wenye maneno ya Kilatini, na aliyemfundisha Kilatini hicho alikuwa Padre Castory, Msambaa mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kumpiga mwanafunzi ila aliweza kumnyamazia wiki nzima. Baba yake Meshaki alipofariki, wadogo zake walikuwa bado hawawezi kuchunga peke yao. Meshaki akavua shati jeupe, akarudi kwa ng'ombe. Alioa, akazaa, akazoea. Miaka ikapita, kisha Padre Castory akaletwa kuwa paroko upande huo wa Handeni. Alipomkuta mwanafunzi wake wa zamani nyuma ya kundi la ng'ombe, hakumlaumu hata kidogo. Alimfanya katekista.

Padre Castory alikuja na masanduku ya vitabu. Ndani yake kulikuwa na maandiko yote ya mtawa mmoja wa Ulaya, mwanateolojia na mwanafalsafa, aliyekufa zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Mtawa huyo hakuacha jambo bila kuliuliza: Mungu, malaika, sheria, hasira, urafiki, kodi ya mfalme. Watu waliokuja baada yake walikusanya kila alichoandika, wakakichapa katika juzuu nene za Kilatini zenye namba mgongoni. Nyumba moja ya zamani ya wamisionari ilipokuwa inafungwa, Padre Castory alizichukua juzuu hizo kabla hazijatupwa. Pale kigangoni watu walimzoea mwandishi wake kama jirani. Walimwita Mtawa tu.

Padre Castory alipougua na kuambiwa akapumzike mbali, alimwita Meshaki, akamwonyesha rafu.

"Watunze hawa," alisema. "Ipo siku atakuja mtu mwenye kiu nao. Usiwape mchwa."

Meshaki alikubali. Mwaka uliofuata Padre alifariki, na ahadi ikabaki haina wa kuifuta.

Mchwa walikuja kweli. Siku moja Meshaki aliinua juzuu moja, na kona yake ya chini ikabaki rafuni ikiwa udongo. Alisimama pale na ile juzuu mkononi, na katika hofu ile hakukumbuka jambo lolote alilofundishwa seminari. Alimkumbuka baba yake. Mwaka ule ugonjwa wa ndigana ulipoingia Handeni, baba yake hakungoja. Aligawa kundi: ng'ombe wengine akawapeleka kwa rafiki yake huku, wengine kwa shemeji yake kule, ili maradhi yakiingia boma moja yasikute kila kitu. Waliowapokea walikunywa maziwa, ndama wakahesabiwa kuwa wa mwenyewe, na siku ya kurudishwa kila mtunzaji aliachiwa mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa, awe shukrani. Hivyo ndivyo familia yao ilivyobaki na ng'ombe wakati jirani walibaki na ngozi.

Meshaki akafanya vivyo hivyo. Juzuu nyingine alizibakiza kwake, ndani ya sanduku la bati. Nyingine alimpelekea Hiza wa Mnyuzi, waliyejuana tangu enzi za mnada wa ng'ombe. Nyingine alimpelekea Edna wa Mazinde, binti ambaye Meshaki alimfundisha katekisimu kabla hajaolewa. Na moja, juzuu ya tisa, alimkabidhi Noonkipa, mjane wa mtu wa rika lake, ambaye boma lake liko mbali, kwenye mbuga kavu ambako hata mchwa hupata shida ya kuishi. Alilala usingizi mzuri usiku ule. Alijiona mtunzaji hodari.

Hayo aliyaamini mpaka wiki iliyopita, alipokuja Padre Abraham.

Padre Abraham alikuwa kijana, mwalimu wa falsafa katika chuo kimoja cha kanisa, na ndiye mtu mwenye kiu aliyengojwa miaka yote hiyo. Alisikia habari za zile juzuu kwa mapadre wazee. Alimwamkia Meshaki shikamoo, akanywa chai, akafungua sanduku la bati. Kisha akageuka.

"Mzee Meshaki, na nyingine?"

"Zipo kwa watu."

"Kwa watu gani?"

"Kwa watu wazuri."

Meshaki akamweleza habari za ndigana na za baba yake. Padre Abraham alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, ila alijikuna shingo kwa muda.

"Mzee wangu, ng'ombe ukimpeleka Mnyuzi bado ni ng'ombe. Hivi havikai hivyo. Huyu Mtawa anaandika jambo hapa, halafu anakwambia sababu yake ameisema kule. Juzuu moja inaita nyingine. Mwanafunzi akifika mahali akakuta pengo, anasimama."

"Kwa hiyo nimekosea."

"Umeziokoa na mchwa. Lakini nikipeleka pungufu, mkuu wa maktaba atazitupia stoo. Ameshaniambia: zikamilike, au zibaki huko huko."

Walipatana Jumamosi. Padre Abraham angekuja na gari asubuhi. Zikikamilika angezipakia, zisipokamilika, zingebaki kwenye sanduku la bati, chini ya uangalizi wa mtu ambaye magoti yake yalikuwa yanamuaga na ambaye hakuwa na wa kumwachia. Binti yake Sinyati aliishi Dodoma na alimwambia wazi: "Baba, mimi hivyo vitabu vyako sivitaki."

Ndiyo maana asubuhi ile, akiwa amechoka, Meshaki alipanda bodaboda hadi barabara ya lami, akapata basi la Korogwe.

Alimkuta Hiza huko Mnyuzi, nyuma ya nyumba, karibu kabisa na reli, akipukuchua mahindi. Hiza ni Mzigua mnene anayependa kuongea hata akiwa peke yake.

"Mmasai! Umeibiwa ng'ombe au umekuja kuiba?"

"Nimekuja kuwachukua wangu. Wale wa Padre."

"Aah, wale!" Hiza aliinuka akijishika kiuno. "Ng'ombe wako hawali, hawanywi, hawazai. Nikaona nisiwalee bure. Nimewapa kazi."

Alimwingiza ndani. Kwenye kona palikuwa na pipa la mahindi limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao, zimepangwa vizuri moja juu ya nyingine, juzuu za Mtawa zilikuwa zimekandamiza mfuniko. Ya juu kabisa ilikuwa na duara la maji pale Hiza alipozoea kuweka kikombe.

"Panya hajaonja punje yangu hata moja tangu uwalete," Hiza alisema kwa fahari. "Uzito wa haki kabisa. Huyo mzungu wako alikuwa na maneno mazito."

Meshaki alipangusa lile duara kwa kiganja. Halikufutika. Alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo, amebaki na uchovu tu. Angemlaumu vipi mtu ambaye yeye mwenyewe alimwambia awatunze bila kumwambia wanatunzwaje?

"Nitakuletea jiwe la kufunikia pipa," alisema.

"Jiwe ninalo. Halina heshima kama hawa." Kisha Hiza akamtazama usoni, akashusha sauti. "Meshaki, umekonda. Kaa ule."

"Nikikaa siinuki."

"Basi usiinuke. Nani anakufukuza?"

Alikula akiwa amesimama, akaondoka na kiroba kimoja kimejaa.

Kutoka Korogwe alipata gari, likapita Mombo, akateremka Mazinde, mahali ambapo mkonge umesimama mistari kwa mistari mpaka miguuni mwa milima. Edna alizaliwa kambini hapo hapo. Babu zake waliletwa kutoka mbali kukata mkonge, wakafa bila kurudi kwao, na wajukuu sasa wamechanganyika kiasi kwamba nyumba moja ina Pasaka na Idi. Alimpokea mwalimu wake kwa kupiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua mzigo wangu."

Edna aliingia chumbani, akapanda juu ya stuli. Juzuu alizopewa zilikuwa zimewekwa juu kabisa ya kabati, zimefungwa kwa kitambaa safi, ubavuni mwa msahafu wa marehemu mama mkwe wake.

"Mama ndiye aliyeziweka huku," Edna alisema. "Siku ulipozileta aliniuliza, hiki ni cha nini? Nikamwambia ni cha mtu aliyemtafuta Mungu. Akasema basi hakikai chini. Tangu hapo hakuna aliyeshusha, ila mimi, kupangusa vumbi."

"Hukuwahi kufungua?"

"Nilifungua mara moja. Nikaona ni Kilatini, nikafunga." Alicheka, kisha akawa hacheki tena. "Mwalimu, patabaki peupe pale."

Meshaki alitazama pale juu ya kabati. Alizifunga juzuu kirobani, akaona jinsi mikono yake ilivyokuwa inasita.

Kesho yake, mwili wote ukimuuma kama aliyepigwa, alimtandika punda wa Naitoi akaelekea kwa Noonkipa. Jua la mbugani lilikuwa limeshapanda alipoona miiba ya boma lake. Noonkipa alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, akishona shanga, miwani imemshuka puani.

"Takwenya," Meshaki alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko." Aliitikia bila kuinua macho. "Baba Sinyati, unatembea kama punda wako, na punda wako anatembea kama mgonjwa."

"Sote wawili tumechoka, Mama Koikai."

Alipolitaja jina hilo alijuta kidogo. Koikai, mtoto wa Noonkipa, alikufa kwa ajali ya pikipiki mwaka juzi, na tangu siku ile Meshaki alikuwa hajarudi hapa ila mara moja, siku ya msiba. Lakini Noonkipa alionekana kulipokea jina kama mtu anayepokea kitu chake. Alimpa kigoda na kikombe cha chai ya maziwa. Meshaki akaeleza: Jumamosi, gari, chuo, juzuu ya tisa.

Noonkipa aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye ngozi ya ndama. Alikuwa amekining'iniza juu ya mafiga, kwenye moshi, mahali anapoweka vibuyu vya maziwa. Alikifungua mapajani mwake. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, lakini hapakuwa na tundu hata moja la mdudu.

Meshaki akanyoosha mkono. Noonkipa akakifunika tena.

"Na mtamba wangu?"

"Mtamba gani?"

"Unachukua ng'ombe bila kuacha mtamba? Baba yako alikufundisha hivyo?"

"Mama Koikai, hiki ni kitabu."

"Siku unakileta hukusema ni kitabu. Ulisema, nakuwekea ng'ombe wa Padre. Mimi nimekaa na ng'ombe wa Padre miaka yote hii. Nimemfukizia moshi. Mvua ikinyesha namtazama yeye kabla sijatazama kitanda changu. Na sijanywa hata tone la maziwa yake. Wewe unayejua kumkamua hukuja hata siku moja kunikamulia."

Ilikuwa kweli. Meshaki alikuwa amewapa watu hawa wote mzigo na hakuwahi kumwambia hata mmoja kilichokuwa ndani. Alitoa miwani yake, iliyokuwa imefungwa uzi upande mmoja.

"Unataka nikusomee nini?"

"Najua nini mimi? Soma kinachomfaa mtu aliyechoka."

Meshaki alifunua kurasa. Kilatini kilimjia kwa shida, neno hapa, neno pale, kama sura za watu aliowahi kukaa nao darasa moja. Harufu ya moshi ilipanda kila alipofunua. Hatimaye alifika mahali Mtawa anapozungumza juu ya huzuni na yale yanayoipunguza.

"Huyu Mtawa ana desturi yake," alimweleza. "Kwanza anauliza swali. Halafu anawaacha wanaompinga waseme, wote, mpaka wamalize. Ndipo anajibu."

"Kama kikao cha wazee."

"Kama kikao."

"Basi ana adabu. Swali ni lipi?"

"Anauliza kama mtu mwenye huzuni hupata nafuu marafiki wakihuzunika pamoja naye."

Noonkipa aliacha sindano. "Na wanaompinga wanasemaje?"

Meshaki alifuata mstari kwa kidole. "Wanasema haiwezekani. Rafiki akilia na wewe, kilio kimeongezeka. Tena huzuni yake yeye inakuumiza wewe unayempenda. Kwa hiyo unaumia mara mbili."

"Hao hawajakosea," Noonkipa alisema. "Walipokuja kunililia Koikai, nilipika chai kutwa nzima. Sufuria juu ya sufuria. Hata kulia sikupata nafasi. Haya, yeye anajibuje?"

Meshaki alianza kusoma jibu. Alielewa mwanzo wake, kwamba Mtawa anakataa, kwamba anasema nafuu ipo. Akatafuta sababu. Mtawa alitaja sababu moja, kisha nyingine, na hiyo ya pili aliiegemeza kwenye jambo ambalo, alisema, alikwisha kulieleza nyuma. Meshaki alifunua nyuma. Juzuu hiyo ilianzia baada ya jambo hilo. Jambo lenyewe lilikuwa juzuu ya nane, na juzuu ya nane ilikuwa kwenye kiroba nyumbani, na duara la kikombe cha Hiza juu yake. Alirudi, akasoma sentensi ile tena na tena. Neno moja lilimgomea kabisa. Alikumbuka jengo la seminari, na Padre Castory akimnyamazia.

"Siwezi," alisema mwishoni. "Jibu limesimama juu ya kitu kilicho katika juzuu nyingine, ile niliyompelekea Hiza, yule Mzigua. Na mimi Kilatini kimenitoka. Samahani."

Aliogopa angechekwa. Noonkipa alikuwa anamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeona kosa la mtoto.

"Meshaki. Wewe ni mfugaji kweli?"

"Kwa nini?"

"Ulimtenga ng'ombe na ndama wake. Ukamleta mama huku, ndama ukamfunga kwa Wazigua. Ng'ombe wetu anashusha maziwa bila kumwona ndama? Unaweza kumvuta chuchu mpaka mwaka uishe."

Meshaki alivua miwani. Hilo ndilo Padre Abraham alilomwambia wiki iliyopita, na sasa ndipo lilipomwingia. Baba yake alipogawa kundi, hakuna ndama anayenyonya aliyewahi kupelekwa njia tofauti na mama yake. Hata yeye alilijua hilo alipokuwa bado hajui kuhesabu.

"Kweli," alisema. "Nipe basi nikamkutanishe naye."

"Sikupi." Noonkipa alifunga ile ngozi. "Nitamleta mwenyewe. Mtunzaji haporwi ng'ombe kivulini, anamswaga hadi kwa mwenyewe ili watu wamwone yu hai. Na nikifika utanikamulia. Usiponikamulia narudi naye."

"Gari linakuja asubuhi, Mama Koikai."

"Mimi nakuja kwa miguu. Gari litangoja miguu."

Alirudi nyumbani mikono mitupu, punda akimtangulia. Naitoi alimpokea punda, akamnywesha maji.

Jumamosi Padre Abraham alifika mapema na pikapu yenye turubai. Walitandika mkeka uani wakapanga juzuu kwa namba zake. Padre alipiga magoti, akapitisha kidole mgongoni mwa kila moja, akifurahi waziwazi, mpaka kidole kikafika kwenye pengo kati ya nane na kumi.

"Inakuja," Meshaki alisema.

"Iko wapi?"

"Inatembea."

Walingoja. Naitoi alileta chai, ikanywewa, akaleta nyingine. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Korogwe, na Padre Abraham akawa anatazama mawingu, halafu turubai lake, ambalo lilikuwa na matundu. Meshaki alikaa kwenye kigoda. Aliwaza kwamba kama Noonkipa ameghairi, hana nguvu ya kwenda kumbembeleza tena. Hakika hana. Juzuu zitarudi sandukuni, naye atakaa nazo mpaka mmoja wao aishe.

"Mzee, nafikiri tuahirishe," Padre alisema kwa upole. "Mwezi ujao labda…"

"Mwezi ujao nitakuwa nimechoka zaidi, Baba."

Punda ndiye aliyetangulia kuonekana, kisha shuka jekundu, kisha Noonkipa mwenyewe, amebeba juzuu mgongoni ndani ya ile ngozi, kama mama abebavyo mtoto. Hakumpa punda aibebe. Aliwasalimia wote, akakaa mkekani, akanyoosha miguu yenye vumbi.

Padre Abraham aliinuka mbio. "Mama, shikamoo! Asante sana, umetuokoa. Niletee niipakie, mvua hiyo inakuja."

"Marahaba. Ngoja kwanza. Huyu ananidai na mimi namdai."

Meshaki akamweleza Padre. Padre alisikiliza, akatazama mbingu, akarudi kukaa.

"Mama, hata mimi naweza kukueleza hilo jibu, nalifundisha kila mwaka."

"Sina shaka, mwanangu. Lakini ng'ombe nilipewa na yeye."

Kwa hiyo Padre Abraham alishika juzuu ya nane mikononi, wazi, na Meshaki akaweka ya tisa mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi zile mbili kufunguliwa pamoja. Meshaki alisoma kule Mtawa anakorejea, kisha akarudi hapa. Lile neno lililomgomea bado lilimgomea; alimwangalia Padre, Padre akamnong'oneza, naye akaendelea. Alisoma polepole, akatafsiri polepole zaidi, bila kuona haya.

"Anatoa sababu mbili," alisema. "Ya kwanza, huzuni ni mzigo, na wakija wengine unaona kama mzigo umegawanywa. Ni kama wakati wa kiangazi, ng'ombe akilala kwa njaa. Mtu mmoja hawezi kumwinua. Mnakuja, huyu anashika mkia, huyu pembe, huyu anaingiza bega tumboni."

"Hiyo naijua," Noonkipa alisema.

"Lakini yeye anasema sababu ya pili ndiyo bora. Kule nyuma ameeleza kwamba mtu akijua anapendwa, anapata utamu. Juu ya hilo ndipo sababu hii inaposimama. Rafiki akija kuhuzunika na wewe, huenda asibebe chochote. Lakini unaona kwamba anakupenda. Na utamu wa kuona hivyo unaipunguza huzuni, hata kama wewe mwenyewe hujui kama inapungua."

Padre Abraham alitikisa kichwa taratibu kukubali. Noonkipa alikuwa anaitazama miguu yake. Upepo wa mvua ulifunua kurasa za juzuu moja mkekani, na Naitoi akainama akaifunga.

"Ile chai," Noonkipa alisema hatimaye. "Nilidhani wananichosha tu."

Alijipangusa vumbi miguuni kwa kiganja.

"Walikuwa wengi," alisema. "Walijaa mpaka nje ya miiba. Wewe ulikaa karibu na zizi, Meshaki, nilikuona. Ulikunywa chai baridi hukudai nyingine."

Kisha akaichukua juzuu ya tisa kutoka mapajani mwa Meshaki, akaifunga, akaiweka mwenyewe kwenye lile pengo, kati ya nane na kumi. "Haya. Mtamba nimempata. Pakieni kabla hajanyeshewa. Na hiyo ngozi nayo mwende nayo, ameizoea."

Walipakia haraka. Ile yenye duara la kikombe Padre aliitazama akatabasamu, ile iliyoliwa na mchwa akaipapasa kona. Juzuu ya tisa aliiweka mbele, kwenye kiti, pembeni ya usukani. Kabla ya kuwasha gari aliifungua tena pale pale waliposomea, kama asiyeweza kujizuia, akageuza ukurasa, akaanza kucheka peke yake.

"Mzee Meshaki! Unajua swali linalofuata mbele kidogo ni lipi? Anauliza kama huzuni hupunguzwa na usingizi na kuoga."

"Mtawa huyo huyo?" Naitoi aliuliza. "Anauliza mambo ya kuoga?"

"Huyo huyo, mama."

"Na anajibuje?"

"Anasema ndiyo. Vinasaidia."

Gari likaondoka. Matone ya kwanza yalianguka juu ya turubai likiwa linapinda kona ya njia ya Handeni, na Meshaki alisimama mpaka sauti ya injini ikaisha. Alitarajia angejisikia mwepesi. Alijisikia mzito, miguu hadi mabega, kama mtu ambaye kazi ilikuwa imemshikilia wima na sasa imemwachia. Aliingia ndani. Sanduku la bati lilikuwa wazi, tupu. Akakumbuka pale peupe pa Edna, juu ya kabati.

Uani, Noonkipa alikuwa ameshaketi jikoni kwa Naitoi kungoja mvua ipite, na kwa sauti zao ilionekana hawangoji mvua pekee. Naitoi alitoa sufuria kubwa, ile ya sherehe, akaijaza maji, akaiweka kwenye moto.

"Mnampikia nani chai yote hiyo?" Meshaki aliuliza.

"Si chai," Naitoi alisema. "Mtawa amesema uoge."

"Na ulale," Noonkipa aliongeza.

Meshaki alioga maji ya moto, akalala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipovua shati jeupe la seminari. Jioni vijana wa kwaya walikuja kumuuliza nyimbo za kesho. Naitoi aliwaambia wachague wenyewe.

"Mwalimu anaumwa?" mmoja aliuliza.

"Haumwi," alisema. "Amelala. Ongeeni polepole."